Nani Anawaiba Tenor Wetu?

Ijumaa, 12 Aprili

Wamempa! Volkmar wangu wamempa kwaya ya hapa Altbuchow, kwaya ya kanisa lile lile alilobatizwa akilia mpaka kinanda kikasalimu amri! Mchungaji Timm amepiga simu nikiwa na mikono yenye mchanga, nikaishika simu kwa kiwiko. Sasa ndiyo nakuambia hujambo, daftari. Tangu msimu wa mwaka jana wa asparaga, haya machipukizi yetu meupe ya chini ya udongo, sijakugusa.

Hajapewa moja kwa moja. Ni majaribio, mpaka sikukuu ya Yohana Mbatizaji mwezi wa sita, siku ambayo sisi hukata asparaga ya mwisho tukaacha matuta yapumzike. Kabla ya siku hiyo baraza la kanisa litapiga kura. Wakimtaka, anabaki. Wasipomtaka, anasema anakwenda Norwe, huko wanatafuta walimu wa kwaya wa Kijerumani kama sisi tunavyotafuta wavunaji. Norwe! Huko jua likizama linasahau kurudi. Nami nimebaki na mtoto mmoja tu duniani.

Amesomea muziki wa kanisa Halle. Ameimba tenor, sauti ya tatu, kuanzia Magdeburg mpaka Lübeck, peke yake, mbele, kwa suti nyeusi. Ijumaa Kuu za miji ya watu amezitumikia kuliko wachungaji wao. Kila anayenunua asparaga kwenye kibanda changu anayajua haya, na asiyeyajua huambiwa wakati napima.

Jambo moja tu linanikaa vibaya. Kwenye baraza yumo Gerlinde Paschke, mke wa daktari, anayeimba alto. Tulisoma darasa moja. Yule hajawahi kuniangalia usoni bila kuanzia viatuni. Simwamini.

Jumatano, 17 Aprili

Mazoezi ya kwanza. Mimi niko jikoni mwa ukumbi wa kanisa, nachemsha kahawa, dirisha la kupitishia vikombe liko wazi, nasikia kila kitu.

Tenor tunao wanne, na hiyo ni neema. Tenor katika nchi hii ni kama asparaga ya Desemba. Kwaya ya Groß Lenz, kijiji jirani, ina mmoja, naye ana pumu. Sisi tuna Lothar Krügel mwoka mikate, Ottomar aliyekuwa posta, na ndugu wawili wa Dietz wenye matrekta. Volkmar akiongoza anaimba nao palepale, mikono hewani, kifua mbele. Jamani, sauti ile ilitoka kama siagi ya moto inapomwagwa. Nilisahau kahawa ikafurika.

Gerlinde akaja kuchukua maziwa. "Mwanao ana sauti kubwa, Rosi."

"Ahsante," nikamwambia.

"Sikusema nzuri. Nimesema kubwa."

Wivu huo. Binti yake anauza bima.

Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili

Mvua. Asparaga hazitoki. Volkmar aliimba jana hadi mbwa wa mhudumu wa kanisa akainuka.

Jumatano, 24 Aprili

Ottomar hakuja mazoezini. Amesema goti. Jana nilimwona na haya macho akipanda baiskeli kwenda kwenye bustani yake, goti likizunguka kama cherehani.

Jumatano, 8 Mei

Leo Lothar naye hakuja. Nilipita dukani kwake mchana kununua mkate wa shayiri, nikamuuliza vipi, bwana, unaumwa?

"Naamka saa nane za usiku kukanda unga, Bi Hebestreit. Nachoka."

"Umeamka saa nane za usiku miaka thelathini, na miaka yote hiyo umeimba."

Akaangalia mikate. "Ndiyo maana nimechoka," akasema, akanipa mkate mmoja wa bure. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Lothar Krügel hatoi hata makombo bure.

Jumamosi, 11 Mei

Baridi ya Mei imeingia kama kila mwaka. Tumeyageuza maplastiki yanayofunika matuta, upande mweusi juu, yavute joto. Asparaga mbili tatu zilizotoka zina kichwa cha zambarau, zimejuta.

Jumatano, 15 Mei

Ndugu wa Dietz wametuma ujumbe: trekta limeharibika. Matrekta wanayo mawili, na wao ni wawili, na hakuna trekta linalozuia mtu kutembea dakika chache mpaka ukumbini!

Kwa hiyo leo sauti ya tatu ilikuwa Volkmar peke yake. Na ilisikika vizuri tu, hata nikajiuliza wale wanne walikuwa wa kazi gani. Lakini Mchungaji Timm, aliyekuja kusikiliza, alisimama mlangoni amekunja mikono, anatabasamu lile tabasamu lake la mazishi. Wakati wa kuvaa koti aliniambia: "Bi Hebestreit, kwaya bila tenor si kwaya. Baraza limeanza kuuliza."

"Limeanza kuuliza nani? Nani ameanza?"

Akafunga vifungo vya koti. Ila aliyekuwa nyuma yake akisubiri mwavuli ni nani? Gerlinde.

Nimejumlisha. Mtu anawatoa wale wanaume mmoja mmoja, kama mtu anayetoa matofali chini ya ukuta, ili siku ya kura kwaya ionekane imemkimbia mwanangu. Volkmar mwenyewe hana habari. Anasema, "Ni msimu mama, watu wana kazi." Moyo wake mweupe kama matandiko ya hoteli. Kushuku ameniachia mimi.

Alhamisi, 16 Mei

Niliuza asparaga zote. Niliwaambia wateja wawe macho.

Jumanne, 21 Mei

Nimewapata.

Nilikuwa narudi kutoka kwa daktari wa meno, natembea njia ya bustani za nyuma. Nyumba ya Gerlinde Paschke. Ukutani imeegemea baiskeli ya Ottomar, ile ya njano ya posta. Mlangoni limesimama gari la Krügel lenye picha ya mkate. Na kwenye nyasi, juu ya maua kabisa, trekta la Dietz. Lile bovu!

Nilisimama na shavu langu limekufa ganzi, nimeshika uzio. Sikusikia kitu, madirisha yalikuwa yamefungwa. Halafu pazia likatikisika, nikaondoka haraka kuliko umri wangu.

Mke wa daktari, wanaume wanne, Jumanne, mchana. Mtu mwingine angefikiria mambo mengine. Mimi nafikiria Groß Lenz. Dada yake Gerlinde ndiye mweka hazina wa kwaya ya Groß Lenz. Wanawahamisha!

Jumatano, 22 Mei

Sikumwambia Volkmar. Leo tena sauti ya tatu peke yake. Aliimba mpaka mshipa wa shingo ukasimama.

Jumanne, 28 Mei

Naandika haraka, msomaji usiponisoma vizuri ni kosa lako.

Saa tisa nilivaa aproni safi, nikafunga asparaga za daraja la kwanza, nikaenda. Mtu mwenye asparaga mkononi hafukuzwi mlangoni katika wilaya hii. Mara hii dirisha lilikuwa wazi, joto limeanza, nikasikia piano na wanaume wanaimba. Wimbo wetu! Wimbo wa sikukuu ya Yohana, alioupanga mwanangu! Wanapelekewa Groß Lenz hadi nyimbo! Sikubonyeza kengele. Niliingia kwa mlango wa bustani.

"Wezi!" nikasema. "Wezi wa tenor!"

Ottomar akaangusha kikombe. Ndugu wa Dietz wakasimama wote pamoja kama wameitwa na mwalimu mkuu. Gerlinde yuko kwenye piano, miwani puani, hakugeuka mpaka alipomaliza mstari. Anajidai hivyo siku zote.

"Kaa, Rosi," akasema. "Na hizo zipeleke jikoni zisinyauke."

"Sikai kwenye nyumba ya wizi. Unawauza Groß Lenz kwa kiasi gani?"

"Groß Lenz?" Lothar akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Waulize wenyewe," Gerlinde akasema. "Wana midomo. Ndilo tatizo lenyewe."

Kisha Lothar, mtu mnene mpole, anajifuta mikono kwenye suruali kana kwamba ina unga. "Bi Hebestreit, usinielewe vibaya. Mwanao ni fundi. Lakini nikifungua mdomo mazoezini, sauti inayotoka ni ya Volkmar. Nikiufunga, inatoka ileile. Sasa nije kufanya nini? Nije kupasha kiti moto?"

"Anawasaidia!"

"Anatusaidia kama mtu anayekusaidia kula chakula chako," akasema Ottomar.

Nikamgeukia Gerlinde. Kumbe hawa walikwisha kuacha kabisa, ndipo yeye akawakusanya hapa kila Jumanne, awafundishe mstari wao mpaka waweze kusimama bila mkongojo. Hivyo ndivyo anavyosema. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Volkmar.

"Nimemwambia. Akanijibu lazima mtu aishike tenor isianguke. Na baraza linasema hivi, Rosi, usikie kwangu: tulitafuta mwalimu wa kwaya, tumeletewa mwimbaji. Kura zikipigwa leo, anafunga mizigo."

"Na wewe ungepiga upande gani?"

Akavua miwani. "Mimi nataka abaki. Anasikia vitu ambavyo mwalimu aliyepita hakuvisikia miaka ishirini. Tatizo hajisikii mwenyewe. Huniamini? Kesho hawa watakuja mazoezini. Toka huko jikoni kwako. Kaa mbele yao, ufumbe macho."

Niliziacha asparaga kwake. Sasa najuta, zilikuwa nzuri.

Jumatano, 29 Mei

Nilikaa. Nilifumba macho.

Nilimsikia Volkmar. Kila neno, kila pumzi, vizuri kama anavyonisalimu asubuhi. Nikangoja niwasikie wengine. Nikageuka. Lothar alikuwa amefungua mdomo wote, shingo nyekundu, anaimba kwa nguvu zake zote, na sikusikia kitu. Ilikuwa kama kumwangalia mtu akipiga kelele nyuma ya kioo cha treni.

Hata hivyo bado namshuku Gerlinde. Mtu hawi mwema ghafla hivi.

Alhamisi, Kupaa kwa Bwana, 30 Mei

Siku ya kina baba, kama kila Kupaa kwetu huku. Wanaume wamepita na vigari vya bia wakiimba barabarani, wote kwa sauti moja mbaya. Walifurahi.

Jumapili, 2 Juni

Sikumwambia. Nilimpikia nyama ya nguruwe ya moshi na viazi vipya, nikamwambia kula mwanangu.

Jumanne, 4 Juni

Leo nimemwambia. Tulikuwa tunamenya, yeye na mimi, beseni katikati. Anamenya vizuri, kutoka chini ya kichwa kushuka, haivunji.

"Volkmar, baba, ukiongoza, usiimbe."

Akacheka. "Kwa nini, nimepoteza sauti?"

"Hapana. Wenzako ndio waliopoteza."

Nikamweleza yote, nyumba ya Gerlinde, Jumanne, maneno ya baraza. Aliendelea kumenya. Aliimenya ile asparaga mpaka ikawa kama kijiti cha kiberiti.

"Hata wewe, mama," akasema. "Wewe uliyenisimamisha kwenye kiti niwaimbie wageni."

"Na nitakusimamisha tena. Lakini si juu ya wenzako."

Hapo akaweka kisu chini. Akaniambia jambo ambalo nimekuwa nikilishuku tangu arudi na masanduku yake yote, nikaogopa kuliuliza. Kule Lübeck hakuondoka kwa kuchoka. Waliacha kumwita. Mwaka wa kwanza walimchukua kijana kwa Krismasi, mwaka wa pili kwa Pasaka pia, mwaka wa tatu simu haikulia. Nami hapa kibandani nawaambia watu kwamba aliwakataa.

"Hapa bado mnanisikia," akasema. "Nikifunga mdomo hapa pia, nimebaki na nini? Mikono?"

Nilitaka kumwambia ana sauti nzuri kuliko yule kijana wao, na ni kweli, naamini mpaka kaburini. Lakini nilikuwa nimemwona Lothar shingo yake. Nikasema, "Hapa tunakusikia, mwanangu. Tunakusikia wewe tu. Ndiyo shida."

Alitoka bila kula. Maganda yalibaki kwenye beseni, nikayachemshia supu, nikaila peke yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Haongei nami. Mlango wake umefungwa, nasikia mashine ya kuchapa, ile printa. Nani anahitaji kuchapa kurasa nyingi hivyo? Norwe wanahitaji, kwa maombi ya kazi.

Jumapili ya Pentekoste, 9 Juni

Aliimba leo kunikomoa mimi. Nasema kweli. Hajawahi kuimba kwa nguvu namna ile, aliwafunika hadi soprano. Vioo vya madirisha viliogopa. Watu walitoka kanisani wakiongea kuhusu hali ya hewa. Mchungaji Timm akasema baraza linakaa Alhamisi ya tarehe ishirini, akanishika mkono kama mtu anayempa pole mfiwa. Gerlinde alipita akasema kwa sauti ya chini, "Bado kuna Jumanne mbili, Rosi."

Nimekaa nikalifikiria neno hilo. Alimaanisha nini? Mwanamke huyu haongei bure.

Jumanne, 11 Juni

Nilimdanganya. Nilijilaza kwenye kochi na kitambaa kichwani, nikamwambia Volkmar mgongo umekaza, na Bi Paschke anasubiri asparaga zake, amelipa. Hajalipa. Hajawahi hata kuagiza.

"Zipeleke mwenyewe kesho."

"Kesho zitakuwa kuni."

Akaenda. Muda wa kwenda na kurudi ni mfupi. Hakurudi. Nikaanza kushuku amepitiliza mpaka kituo cha treni. Nikatoka kochini, nikaenda dirishani, nikarudi kochini. Aliporudi jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la jirani. Asparaga alikuwa nazo bado mkononi.

"Hukumpa?"

"Sikubonyeza kengele."

"Ulikuwa wapi basi?"

"Nje. Dirisha lilikuwa wazi." Akaketi, akala sahani tatu, viazi na siagi na zile asparaga za Gerlinde. Katikati ya sahani ya pili akasema, "Lothar anafika juu kabisa. Sikujua kama anafika." Sikuuliza zaidi, na kwangu hilo si jambo dogo.

Jumatano, 12 Juni

Wote wanne walikuja. Nilikuwa nimepita kwa Lothar asubuhi kumbembeleza, akanikatiza: "Gerlinde ameshapita." Bila shaka ameshapita.

Sikukaa jikoni. Volkmar akainua mikono, akavuta pumzi, nikaona kifua kinapanda, nikajua sasa anaanza. Akaishusha mikono. Akachukua penseli kwenye stendi ya noti, akaiweka kati ya meno, akaiuma kama farasi na lijamu. Akainua mikono tena.

Na sauti ya tatu ikatoka. Nisidanganye, haikuwa siagi. Ottomar alikuwa na kikohozi, mmoja wa Dietz aliingia mapema akatoka mapema. Lakini Lothar alipanda, akapanda, macho yamemtoka, akafika pale juu akakaa pale kama paka juu ya kabati, hajui ashukeje, ila yuko. Alto wote wakageuka. Volkmar mikono inamwita, njoo, njoo, na penseli inatafunwa. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kwenye penseli. Wengine watasema ni jasho. Mimi ni mama yake.

Katika mapumziko Lothar akamwambia, "Bwana mwalimu, penseli hiyo ni tamu?"

"Chungu," akasema Volkmar. "Mstari wa pili, tangu mwanzo. Na wewe, Ottomar, goti lako limepona?"

Kila mtu akacheka, Ottomar kuliko wote.

Ila niseme ukweli wangu hapa, ambapo Gerlinde hawezi kusoma. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nilikosa kitu, kama mtu aliyezoea mto nyuma ya nyumba, akaamka asubuhi umekauka. Sauti ile nimeisikia kila wiki tangu Aprili, na ni mimi niliyeiomba inyamaze.

Jumatano, 19 Juni

Joto kali. Penseli ya tatu.

Alhamisi, 20 Juni

Baraza lilianza saa moja jioni. Nilijikalisha kwenye benchi mbele ya ukumbi, na kikapu cha stroberi nisionekane ninangoja. Mlango wao ni mzito, hausikiki kitu, nimejaribu. Gerlinde alitoka wa kwanza. Uso wake haukusema chochote, na nikaamini hapo hapo kwamba ametuuza, kwamba miezi yote hii ilikuwa mchezo wake.

"Mbona unaniangalia kama polisi?" akasema. "Anabaki. Mmoja tu amekataa, na huyo hukataa hata kufungua madirisha."

Nilimpa stroberi zote na kikapu chake. Kikapu hajakirudisha.

Jumatatu, Sikukuu ya Yohana, 24 Juni

Asparaga ya mwisho imekatwa alfajiri. Kibanda nimekifunga.

Mchungaji Timm alikuja kupanga ibada ya kumwingiza Volkmar kazini. Akamuuliza, si utatuimbia ule wimbo wa tenor peke yako, siku yenyewe ni yako? Nikaacha kukata keki ili nisikie. Volkmar akasema hapana, ataimba Bwana Krügel. Mchungaji akanitazama mimi. Nikasema Bwana Krügel anafika juu kabisa, hakuna tenor kama yeye kutoka hapa mpaka Lübeck, na kama mtu ana shaka aje asikie. Nilishangaa nilivyosema kwa urahisi. Volkmar alinipiga begani akatoka kwenda kumwagilia nyanya, na kule nyuma akawa anaimba, polepole, kwa ajili ya nyanya tu. Nilifungua dirisha kidogo sana.

Sasa mambo ni haya. Kwaya yote inakuja. Groß Lenz wanakuja na tenor wao mmoja, nami nitamkazia macho, asituondokee na wa kwetu. Dada yangu anatoka Cottbus, wavunaji wa Bwana Wuttke, mwenye mashamba makubwa ya asparaga, wamesema wataahirisha basi lao la kurudi Romania, daktari Paschke ameahidi kutolala kanisani, na Gerlinde anaoka keki ya mbegu za popi, kama kawaida ya huku, ambayo nitaionja kwanza kabla ya wageni. Ibada ni Jumapili, tarehe thelathini Juni, saa nne asubuhi.